Wale Watatu wa Bustanini

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje tangu lipasuliwe? Kama unaisoma barua hii mwenyewe, basi daktari anajua kazi. Kama dada ndiye anayekusomea, shikamoo na wewe dada, na usiruke mahali nitakapokusema. Mimi mzima, ila miguu inawaka kwa kusimama tangu asubuhi, na sauti imekwenda likizo kabla yangu.

Nakukumbusha cheo changu, usije ukanitangaza vibaya huko kwa dada: mwanao aliyeishia kidato cha pili, bila cheti chochote, ndiye mwalimu wa hesabu wa darasa la nne. Watoto sabini na mmoja, madawati kumi na tisa, na chaki navunja vipande vitatu ili ifike Ijumaa.

Sasa habari. Wizara na chuo kikuu wamefunga ndoa, na sisi wa shule za huku ndio watoto wa kufikia. Wahadhiri watakuwa wanakuja kukaa madarasani kwetu. Wanachuo wao watafanya mazoezi ya kufundisha kwetu mwaka mzima, badala ya zile wiki sita za kupiga picha na kuondoka. Na sisi tusio na vyeti tutapimwa. Tuko tisa katika shule nne. Wawili watachukuliwa kusomea ualimu huku wakiendelea kufundisha. Saba wataambiwa asante mwisho wa muhula, na mlango wanaujua.

Sina wasiwasi. Wenzangu wanane nimewaona. Mmoja akiandika ubaoni mistari inapanda mlima, mwingine anafundisha akiwa amekaa kama anasubiri basi. Mimi hata mkuu wa shule ananiita Profesa, ingawa akitaka mtu wa kupanda paani kuziba bati huniita kwa jina hilohilo.

Atakayenitazama ni mhadhiri mmoja mama mtu mzima, mfupi, ana kidaftari cheusi hakimtoki mkononi. Watoto wameshambatiza Mama Kidaftari. Haongei, anaandika tu. Ameomba madaftari ya hesabu ya darasa zima akae nayo wiki mbili. Nimeyasahihisha yote kabla ya kumpa, mpaka kalamu ikalia.

Atakuja tarehe ishirini na sita. Wewe umefundisha miaka thelathini na minne na wakaguzi umewatafuna wengi, nipe siri. Maana majigambo kando, mama, nimechoka kuwa mtu wa muda. Huu mwaka wa tatu watoto wananiita mwalimu, na ofisi inaniita "yule kijana".

Mwanao,
Kitinda mimba

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Jicho la kulia linaona, la kushoto linakisia. Dada yako anasema hajaona ulipomsema, na amesoma barua mara mbili akitafuta. Nakurudishia barua yako nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu: makosa kumi na moja. Mara iliyopita yalikuwa kumi na sita. Umejitahidi.

Hiyo ndoa unayoisema, mimi nimekula pilau yake mara nne. Mara ya kwanza walikuja na magari na mabango. Mara ya pili wakaja na redio za darasani, betri zikaisha, redio zikawa viti vya panya. Mara ya tatu walitukalisha semina siku tano tukiandika malengo kwenye makaratasi mapana, tukayabandika ukutani, mchwa wakayasoma kuliko sisi. Ya nne hata siikumbuki vizuri, nilikuwa nimeshachoka. Sisemi ni watu wabaya. Ila wao wana pa kurudi, na sisi kesho asubuhi kengele inagongwa na watoto wako palepale.

Siri umeiomba, nakupa. Lifundishe somo lenyewe mara mbili kabla ya siku yake, maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Wepesi wakae mbele. Wale wazito, ambao wakisimamishwa watakutia aibu, siku hiyo wape kazi ya nje. Bustani ya shule haikosi magugu. Hakuna mwalimu wa rika langu ambaye hakufanya hivyo, na anayekana ni mwongo mstaafu.

Kula kabla ya kuingia darasani. Mwalimu mwenye njaa anawaonea watoto.

Mama yako

28 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo na jicho halijambo. Mimi nipo, na nasema nipo tu.

Nilifanya kama ulivyosema. Kobe, yule mtoto anayechukua dakika nzima kufungua daftari, nikampeleka bustanini, pamoja na yule binti anayeshinda akitazama dirishani na yule mpole asiyesema kitu. Nikawapa ndoo na jembe dogo, nikawaambia wasionekane mpaka kengele.

Somo lenyewe, mama, liliteleza kama sabuni. Kila swali, mikono yote juu. Waliiva mno. Nikiuliza swali la nne, mtoto akanijibu la tano. Nikakohoa, nikasema, "Vizuri, umetangulia kufikiri!" Mwanachuo anayefanya mazoezi darasani kwangu akainamisha kichwa. Sijui alikuwa anacheka au ananisikitikia.

Mama Kidaftari alikaa nyuma, pembeni ya dawati tupu. Hakuandika. Somo likaisha akanyanyua madaftari matatu.

"Mwalimu, hawa watatu wako wapi?"

Yalikuwa ya hao hao. Kumbe ndiyo kazi yao hawa wa chuo! Hawamtazami mwalimu hata kidogo. Wanachagua watoto watatu wanaohangaika, wanakaa karibu nao, wanaandika kila wanachofanya mikono na macho yao somo zima. Ndiyo maana alichukua madaftari: alikuwa anawatafuta. Nilimpelekea harusi, bibi harusi nimemfungia stoo.

Nikamwambia, "Ni wagonjwa."

"Wote watatu?"

"Tumbo."

Mungu naye ana utani wake. Kobe akatokea dirishani, ndoo kichwani, matope mpaka masikioni, akaita kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa darasani: "Mwalimu! Magugu yameisha! Tung'oe na mchicha?"

Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Mama Kidaftari hakucheka. Akafunga kidaftari chake taratibu, akaniambia, "Sikuja kukuona wewe, mwalimu. Wewe najua unaweza kuongea." Akatoka.

Mpaka hapo ningekuandikia kwa utani tu, na ningekulaumu kidogo kwa ushauri. Lakini nilibaki nikimtazama Kobe akirudi bustanini na ndoo yake, anatembea kwa furaha ya mtu aliyeaminiwa kazi, na kuna kitu kikanirudia. Nilipokuwa darasa la nne, darasa lako. Alikuja mkaguzi, bwana mmoja wa suruali ya kaki. Asubuhi ile uliniita pembeni, ukaniambia nikimbie nyumbani nikalinde maharage yaliyoanikwa, yasiliwe na kuku. Nilikaa juani mpaka saa nane na fimbo yangu. Nilijiona mkubwa kweli.

Mama, sisi tulifuga kuku lini?

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu ni ya umri wangu. Najua umehesabu siku. Barua hii nimeianza mara tano, na dada yako ameanza kuficha karatasi.

Hatukuwahi kufuga kuku. Majirani nao hawakuwa nao. Na yale maharage yalikuwa makavu siku nyingi. Niliyatoa kwenye gunia nikayamwaga juani ili upate cha kulinda.

Haikuwa siku moja. Zilikuwa mbili, darasa la nne na darasa la tano. Mkaguzi yule alikuwa na tabia ya kunyoosha kidole kwa mtoto yeyote na kumpeleka ubaoni, na kila nilipofumba macho niliona kidole kimeelekea kwako. Mtoto wa mwalimu wa hesabu, hajui kugawanya. Nilijiambia nakukinga na aibu. Nilikuwa najikinga mwenyewe. Mwaka ule nilipewa sifa za juu, barua yake ninayo mpaka leo na sijawahi kuibandika ukutani.

Lililo baya zaidi sikuwahi kumwambia mtu. Baada ya siku zile nilizoea. Nilikutuma nje hata mkaguzi asipokuwepo: chota maji, peleka ujumbe ofisini, funga lile dirisha la kule. Darasa lilikwenda haraka ukiwa haupo, na mimi nilikuwa nimechoka, watoto themanini na zaidi. Wewe ulipenda kutumwa. Ulipoacha shule kidato cha pili nilisema mbele za watu, na wewe ukiwepo, kwamba kichwa chako si cha vitabu. Hesabu hukuzijua kwa sababu hukuwepo darasani, na hukuwepo kwa sababu nilikutoa.

Huku ni kukueleza tu, wala sijitetei.

Nenda kwa huyo mhadhiri umwambie ujanja ule ni wangu. Usinibebee. Nafasi ile usiikose kwa dhambi ya mwingine.

Barua yako safari hii sikuisahihisha.

Mama yako

6 Mei

Mwanangu,

Salama? Karibu mwezi unaisha. Najua posta ni ya kobe, lakini hata kobe hufika.

Dada yako anasema nikuache. Namwambia mimi si wa kuachwa, mimi ni mama. Kama una hasira, iandike. Hata matusi nitayapokea, nitayapanga kwa aya. Niambie tu kama umemwona mhadhiri, na kama unakula.

Mama yako

14 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na hasira nilikuwa nayo kweli. Nilikuandikia barua mbili, moja nzuri sana, ungeipa alama zote. Nilizichana. Sikunyamaza ili kukukomoa; kila nilipokaa kuandika nilijikuta niko juani na fimbo.

Mama Kidaftari nilimwendea. Nikamweleza kila kitu, pamoja na kuku. Akaniuliza, "Na wewe umewatuma hawa watatu mara ngapi?" Nikasema ile moja tu. Akaningoja. Mama, yule mtu anajua kungoja! Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha. Kobe ndiye mpeleka rejista wangu. Yule mpole ndiye anayefuta ubao wa darasa la tano. Nilikuwa nimekurithi bila kujua.

Hawa wa chuo wana desturi: somo lililoharibika hawalitupi, wanalifumua na kulishona upya, kisha linafundishwa tena. Tukakaa watatu, mimi, yeye na mwanachuo, alasiri nne mfululizo katika ofisi ya walimu, tunabishana juu ya dakika kumi za kugawanya. Sijawahi kuchoka hivyo, hata paani. Nilipofundisha, wale watatu walikaa mbele, kila mmoja na mtu wa chuo kando yake, na mbele yao vizibo vya chupa.

Somo lilikuwa baya, sitakudanganya. Jasho, kelele, nusu ya nilichopanga sikukifikia. Nikawapa vizibo kumi na saba wagawe kwa watu wanne. Kobe akagawa kimoja kimoja, taratibu, kama anagawa dawa. Vinne, vinne, vinne, vinne. Akaacha hapo.

"Kimebaki kitu?" nikamuuliza.

"Hakuna, mwalimu."

Mwanachuo akamnong'oneza, "Hebu simama kidogo."

Akasimama. Kizibo kilikuwa kwenye kiti.

"Umekikalia kwa nini?"

Akanitazama mimi, si mwanachuo aliyemuuliza. "Mwalimu alisema hesabu nzuri haibakizi."

Nilisema hivyo, mama. Nilisema mwaka jana nilipowafundisha darasa la tatu, kwa kuwa hesabu zenye baki mimi mwenyewe sizielewi vizuri, nikawa nawapa zile zinazoisha tu. Mtoto amekaa mwaka mzima akificha baki ili kunifurahisha, na mimi namwekea mkasi wa kosa kwenye daftari. Darasa zima nalijua kwa mgongo tu, uso wangu uko ubaoni.

Majina yametoka juzi. Wawili. Mimi simo. Yule anayefundisha akiwa amekaa yumo, na nimeambiwa anasikiliza watoto vizuri kupita kiasi. Hata kumcheka nimeshindwa.

Kwa hiyo Ijumaa ijayo namaliza. Darasa anachukua mwanachuo. Nimemwandikia kuhusu watoto wote sabini na mmoja, kila mmoja anajua nini na anakwama wapi, na nimekuta ishirini na tatu sina cha kuandika. Nimeacha nafasi, nikamwambia ukweli. Wiki hii nakaa karibu nao mmoja mmoja. Wamebaki tisa.

Mama Kidaftari amenipa fomu ya mwakani. Sharti ni moja: nifanye mtihani wa hesabu wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, Novemba, nifaulu. Profesa mzima, mama, na kugawanya kwenyewe ndiyo hivyo.

Sijakusamehe. Nimechoka tu kukasirika, na hayo ni mambo mawili, usije ukayasahihisha yakawa moja. Lakini sina mwalimu mwingine ninayemjua. Nitafika kwa dada Jumamosi, basi la mchana. Aniandalie pa kulala, na meza.

Fomu nimeijaza yote kwa wino, isipokuwa mstari mmoja. Wanauliza jina la mtu aliyekufundisha hesabu. Huo nimeuacha wazi mpaka Novemba.

Mwanao