Kompyuta Yasema Baba Yuko Uholanzi

Jumatatu, 3 Februari
Kazini Ganjoni. Kuchambua anwani za mtandao kutwa. Ipi ya mtu aliye kweli mahali pake, ipi ya VPN, yaani anapitia kompyuta ya nchi nyingine aonekane yuko huko. Macho yananiwasha. Nimepitia Makadara kununua viazi vya karai. Mama hakugusa. Amenuna.

Jumanne, 4 Februari
Kumbe! Barua pepe ya nyumbani, ile tunayowekea picha, imemletea Mama taarifa: mtu ameingia akiwa Uholanzi. Neno la siri tunalo watatu. Mimi, yeye, na Baba, mpishi wa hoteli huko Arabuni. Mama keshahukumu: Baba amehamia Ulaya na mke mwingine. Nilicheka. Ningejua nisingecheka.

Jumatano, 5 Februari
Nimemweleza Mama. Kule aliko Baba simu za mtandaoni zimefungwa. Anatumia VPN ili atupigie, tumwone uso. Anwani ile ya Uholanzi si ya nyumba ya mtu, ni ya jumba la kompyuta, watu chungu nzima wanapitia hapo. Ndiyo kazi yangu hiyo! Kanisikiliza kwa adabu, kisha: "Wewe na babako damu moja, utamfichia tu." Nimeumia, wallahi.

Alhamisi, 6 Februari
Mama kaenda Biashara Street, karudi na kanga. Maneno yake siyaandiki, yana sumu. Baba alipopiga, akajitanda ile kanga, maandishi yakielekea simu. Baba akasoma. Uso ukamshuka. Mama akakata simu, na tangu hapo hapokei.
Naogopa. Miaka yote ya kuishi mbalimbali, hawa hawajanyimana salamu hata siku moja.

Ijumaa, 7 Februari
Baba amenipigia baada ya sala. Sauti imemkauka. Akasema ataizima hiyo VPN, Mama aone alipo. Akaizima, akaingia kwenye barua pepe. Taarifa ikaja: Arabuni, mji wake hasa. Mama kaisoma, kaisoma tena. Machozi. Akampigia papo hapo.
Simu haikushika. Akajaribu tena, wapi. Ikabidi nimwambie: akizima, mahali panasomeka sawa, lakini simu haipiti. Simu ya kawaida inakula salio, na uso hauonekani. Mama akakaa na simu mapajani. Sijapata kumwona mdogo vile.
"Mwandikie airudishe," akasema. "Waseme yuko kokote watakako. Mimi namtaka mwenyewe."
Nilimkumbatia. Akanisukuma, eti namvunja mbavu.

Jumapili, 9 Februari
Mvua kidogo asubuhi. Mama yuko jikoni, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Baba anamwambia vitunguu bado havijaiva, Mama anamwambia akapikie hoteli yake. Nimewapitia kuchukua chai. Hakuna aliyeniona.