Delfina Vaudagna, Aliyegonga Paa Mara Mbili

Mwaka umetimia, Delfina, tangu asubuhi ile ya Februari uliponiomba nikufunge kamba za viatu kwa kuwa vidole vyako vilikuwa vinauma. Cha kulia nilikifunga. Cha kushoto kilikuwa bado mkononi mwangu ulipoegemea ukuta, na hukuinuka tena.

Padre alitaka anitungie maneno mazuri ya tangazo hili la kumbukumbu. Nikamwambia mazuri ayaseme kanisani, haya aniachie mimi niliyeishia darasa la tatu. Wewe ulizoea mwandiko wangu.

Hapa nyumbani ugali wa mahindi bado tunaumimina juu ya ubao na kuukata kwa uzi, ule ule uliokuwa ukishonea viti vya magari. Ulikuwa ukimkatia kwanza mjane wa ghorofa ya chini, kisha sisi. Nikinung'unika ulisema, "Ngoja zamu yako, kiziwi wangu, njaa haijamuua mwenye tumbo kama lako." Siku hizi Onorina binti yetu ndiye anayempelekea. Mjane anauliza kila mara kama wewe ndiye uliyekata. Amesahau. Nami simkumbushi.

Sasa wanaandika magazetini kwamba Faina, gari la mbio linalosifiwa mpaka ng'ambo ya milima, lilitoka kichwani mwa Bwana Mhandisi, mwenye karakana. Sisi tulikuwepo. Mwaka wa arobaini na sita mji ulikuwa vifusi na hapakuwa na chuma. Fremu ya kwanza ilitokana na mabomba yaliyobaki kwa watengeneza vitanda vya hospitali. Injini tuliitoa kwenye kigari cha familia kilichoangukiwa na ukuta. Bodi niliipiga mimi kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga, kwa bati la ndege zilizokosa vita ya kwenda. Viti ulivishona wewe kwa mablanketi ya jeshi. Halikuwa na milango wala paa. Mtu aliingia kwa kurusha mguu kama mwizi dirishani, ndiyo maana tukaliita Faina, yule kicheche anayeiba kuku.

Gundi yako ya siku zile ilikuwa uji wa unga na gundi ya mifupa, ukiichemsha kwenye jiko la karakana. Ilinuka vibaya. Haikumuua mtu. Ulikuwa ukitutania sisi wa nyundo, "Atakayekosa chakula cha jioni alambe gari."

Mwaka wa arobaini na tisa likaja la pili, lenye milango na paa la turubai. Milango ilikuwa kazi yangu. Ninyi mnaosoma hapa mjini mnajua kipimo chetu mafundi wa bodi: karatasi ya sigara. Unaiweka ukingoni, unafunga mlango, unaivuta. Ikitoka, mlango umeshindwa, unarudi kwenye nyundo. Kwenye milango yangu karatasi haikutoka, ilikatika. Mafundi wa karakana nyingine walikuja kuivuta kwa mikono yao wakarudi kwenye nyundo zao. Nilijivuna, Delfina, na wewe ulijivuna nami. Naandika hili ili nisije nikaonekana ninawatupia wengine mzigo wote.

Kisha wenye pesa wakataka kuvuka milima wakati wa theluji bila kulowesha kofia. Mwaka wa hamsini na mbili Faina la tatu likapata paa la bati. Paa la bati lina kelele, kwa hiyo Bwana Mhandisi akaamuru ndani kote kugandishwe sufu nene, na ngozi juu yake, kuanzia darini mpaka sakafuni. Uji wa unga ukatupwa. Yakaja makopo mekundu ya gundi ya mpira, inayokauka kabla hujamaliza Baba Yetu. Na kwa kuwa vumbi la kazi yetu lingenata kwenye gundi, ikatoka amri: anayegandisha akiwa ndani, milango ifungwe na vioo vipandishwe.

Waliochaguliwa ni wanawake wadogo wa mwili. Ukaingia na taa yako, nami nikafunga mlango wangu usiopitisha karatasi.

Nyundo ilikuwa imeshanila masikio, hata ungeniita kutoka ndani nisingesikia. Tukapatana. Nitaweka kiganja juu ya paa na kugonga mara mbili, nawe utagonga mara mbili kutoka ndani, niisikie kwa mkono. Kila robo saa niliacha kazi nikagonga. Siku moja ulijibu mara moja tu. Nilipofungua ulitoka ukicheka, miguu haikutii, ukasema umelewa bila kuonja hata tone la divai. Karakana nzima ilicheka. Nami nilicheka.

Tangu siku hiyo hofu haikutoka nyumbani kwetu. Niliona doa la bluu mkononi mwako nikakuuliza, "Umejigonga wapi?"

"Kwenye meza, kiziwi wangu."

Wiki iliyofuata ni paja. Kisha fizi zikawa zinatoa damu ukitafuna mkate. Daktari wa karakana alikutazama kope akasema damu yako nyepesi, ule nyama ya farasi. Ulikula farasi miezi mitatu, wewe uliyekuwa ukilia ukiona farasi wa mkaa akichapwa. Ukazidi kuwa mweupe.

Nilimwendea Bwana Mhandisi, kofia mkononi.

"Bwana Mhandisi, turuhusu tufungue hata kioo kimoja."

"Medardo, unataka mteja akute nywele za paka kwenye dari?"

"Namtaka mke wangu."

"Mkeo ana damu dhaifu, haihusiani na gundi. Wanawake wengi wako hivyo. Rudi kazini, bwana, unanipotezea mwanga."

Kweli nilirudi kazini. Hilo nalo naliandika.

Na sasa sikia hili, Delfina, maana sikulisema kaburini kwa kuwa Onorina alikuwa amesimama karibu. Tangu Oktoba binti yako yuko mahali pako. Nilimkatalia. Akasema, "Baba, mama alinifundisha kazi hii, nyingine siijui." Ni mdogo wa mwili kama wewe. Tena wamelibadilisha Faina, hili la nne limeshushwa paa kwa vidole vinne ili likate upepo, kwa hiyo anafanya kazi amelala chali na kopo kifuani.

Kila jioni akivua kitambaa nanusa nywele zake kabla hajaketi. Gundi. Kila robo saa nagonga paa, naye anajibu, na kati ya kugonga kwangu na kujibu kwake nakufa kidogo. Mabomu ya vita hayakunitisha hivi. Mabomu ulikuwa ukisikia king'ora kwanza.

Jumapili iliyopita alinyoosha mkono kuchukua uzi wa ugali, mkono wa blauzi ukapanda. Lilikuwepo doa, kubwa kama jani la mzabibu.

"Umejigonga wapi?"

"Kwenye meza, baba."

"Meza ipi?"

Akakata ugali.

Jumanne, wengine walipokwenda kula, nilifungua bawaba za Faina la nne, lile linalongojewa kwenye maonyesho ya mwezi ujao. Nikatoa milango yote miwili, nikaifunika kwa blanketi lako, nikaileta nyumbani kwa mkokoteni wa mkaa. Msimamizi aliniuliza iko wapi.

"Inakauka," nikamwambia.

"Mlango haukauki, we mzee."

"Basi na mke wangu hakufa."

Nimewaambia wakubwa wa karakana sharti langu. Sufu igandishwe gari likiwa wazi pande zote, karibu na dirisha, vumbi lipanguswe na mwenye kuona uchungu wa vumbi. Gundi ikishakauka, mimi mwenyewe nitaifunga milango, na karatasi ya sigara haitatoka. Hakuna fundi mwingine atakayepiga mpya kabla ya maonyesho, wanajua. Wamenipa mpaka Jumatatu. Baada ya hapo wataleta askari, ndivyo walivyosema.

Onorina alipoiona milango chini ya kitanda alikaa sakafuni.

"Baba, watatufukuza wote wawili."

"Watufukuze."

"Na wakikufunga je?"

"Watanifungia mahali penye dirisha. Huko kwako hakuna."

Alicheka kidogo, kisha akalia, kisha akaleta gazeti kuukuu akaipangusa milango isipate kutu. Nikamwambia bati la aina hii halipati kutu. Akaendelea kupangusa. Ni wewe mtupu.

Sijui Jumatatu italeta nini. Nikisikia ngazi zinatikisika nadhani ni wao, kumbe ni mjane tu anarudisha sahani. Naogopa, mke wangu. Nimechelewa kuogopa kwa miaka mitatu, sasa naogopa ipasavyo.

Bwana Mhandisi husoma gazeti hili, huanza na ukurasa wa misiba kama sisi wote. Basi hatakuwa na haja ya kuuliza tena milango iko wapi. Iko chini ya kitanda, upande wako.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili saa tatu asubuhi katika kanisa la Mtakatifu Grato. Wanawake wote wa gundi wamekaribishwa, nami nawasihi waketi karibu na mlango, utakuwa wazi.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo Medardo, binti yako Onorina, dada yako Secondina na wanawe walioko bondeni, na mjane wa ghorofa ya chini anayedhani bado wewe ndiye unayekata ugali.

Kila usiku kabla ya kulala naweka kiganja juu ya ukuta wa chumba cha Onorina na kugonga mara mbili. Mpaka leo amejibu. Hatutakusahau, Delfina, na milango hairudi.