Boniface na Jumba Jeupe la Rotterdam

Violet, Boniface ameiba kazi yangu nikiwa nimekaa pale pale!

Ile ripoti ya Jumba Jeupe la Rotterdam, ghorofa kumi, la mwaka 1898. Leo ofisini kwetu Rockville, huku Marekani, ameiwasilisha kwa jina lake. Jina lake! Na anajua mwenye ripoti ndiye atapandishwa cheo.

Mkuu wetu, Audrey, akamuuliza: "Lilisimamaje kwenye udongo laini?"

Akajibu: "Limejengwa juu ya mwamba."

Mwamba! Rotterdam!

Nikasema limesimama juu ya nguzo kama elfu moja zilizopigiliwa ardhini, na mchoro wa msingi una sahihi yangu. Hakujisumbua hata kuifuta.

Audrey akaitazama sahihi, akamwambia akae.

Nje Boniface akaninong'oneza: "Dada, sisi Watanzania si tunasitiriana?"

Nikamjibu: "Nimekusitiri nusu saa nzima. Ulipofika kwenye mwamba nikachoka."