Mjomba Ambaye Hayumo Kwenye Picha

Jumapili jioni, Rubwera. Mvua imeanza saa nane na mpaka sasa haijaamua kama inaacha au inaendelea. Viatu vyangu viko mlangoni na tope lote la Nyakasimbi, na mimi niko kitandani na hasira ambazo sijui nimpelekee nani.

Nianze na hasira nyepesi. Waliotengeneza ile dunia ya mashujaa wa sinema hawakutuhurumia hata kidogo. Picha iliyotoka kwanza siyo iliyotokea kwanza. Ya tano inarudi nyuma miaka ishirini, ya saba inaanza kabla ya sita haijaisha, halafu kuna tamthilia ya vipindi kumi inayojipenyeza katikati ya picha mbili kama mgeni aliyenusa chakula. Basi sisi mashabiki, watu wa Kayanga, Bukoba, Mwanza hadi Dar, tuna kundi letu la WhatsApp, na huu ni mwaka wa pili tunagombana humo kuhusu kipi kilitangulia kipi.

Mimi na kaka yangu Deus tulikuwa na mpangilio wetu, na tulijua ndio wenyewe.

Deus analima kahawa na migomba kule Nyakasimbi. Mimi nafanya kazi stationery hapa Rubwera, nachapa barua za watu wanaokwenda ofisi za wilaya. Kila Jumapili baada ya ibada napanda gari kwenda kwake na karatasi zilizoharibika kwenye printa, maana upande wa nyuma bado ni mweupe. Yeye anasema, mimi naandika. Tumeziunganisha kwa selotepu mpaka zimejaza ukuta mzima wa stoo yake ya kahawa. Kalamu nyekundu ni vita, bluu ni vifo, kijani ni undugu.

Hiyo ya kijani ndiyo iliyotumaliza.

Deus anaangalia picha kwenye kibanda cha Mzee Shabani, na pale zinaonyeshwa zile zilizotafsiriwa tu. Mtafsiri anaongea Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, anacheka kwa niaba yao, anawapa na majina. Kijana wa Vioo, Dada Jivu, Mzee Kiraka, hayo yote ni majina ya mtafsiri, na ndiyo tunayoyajua. Kaka yangu anakumbuka kila sentensi. Watu wakibishana pale kibandani wanaambiwa kamuulizeni Deus, na Deus akishasema, ubishi umekwisha.

Sasa kuna picha ambayo Mzee Kiraka amesimama kwenye geti la gereza, anamtazama Kijana wa Vioo, na mtafsiri anasema: mimi ni mjomba wako, ndiye niliyekulea baba yako alipokufa. Kwa Deus huo ulikuwa msumari. Kama alimlea, basi gereza limekuja miaka mingi baada ya ile vita iliyomuua baba, na picha zote za mbele yake lazima zisogee. Tulitumia Jumapili tatu kuzisogeza.

Jumapili iliyopita niliupiga ukuta picha kwa simu, na jana Jumamosi nikaituma kundini pamoja na sauti ya Deus akieleza. Nilikuwa nimemrekodi mimi, kwa sababu simu yake ni ya vitufe.

Haikupita nusu saa. Jamaa mmoja wa Mwanza tunayemwita Injinia akarusha kipande kilekile bila mtafsiri. Nimekisikiliza mara nne na kusoma yale maandishi ya chini. Mzee Kiraka hasemi habari za mjomba wala za kulea mtu. Anamwambia kijana afungue geti, mvua inakuja. Basi. Mengine yote mtafsiri alijitungia, pengine aliona kimya kimezidi.

Kundi likacheka hadi jioni. Mtu akakata sauti ya Deus, sekunde tatu tu, pale anaposema "Huyu ni mjomba jamani, mjomba wa damu" kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyambo, na kuanzia hapo ndiyo ikawa jibu la kila kitu. Mtu anauliza bando limeisha afanyeje, anajibiwa kwa sauti ya kaka yangu.

Leo nilikwenda nikiwa nimepanga kumwambia pembeni, taratibu. Nikamkuta stoo na Mzee Shabani na majirani wawili, amewapanga kwenye magunia, anawaeleza ukuta. Nilipomaliza kuwaamkia tu, Deus akaniambia huyo mjomba aandikwe kwa herufi kubwa, wazee hawamwoni vizuri.

Nikasema hakuna mjomba.

Akacheka. Akasema mtafsiri ndiyo kazi yake, hawezi kukosea kitu kikubwa hivyo. Nikamwekea kipande cha Injinia. Akasikiliza ameinamisha kichwa, akaniuliza mzee anasema nini. Nikamwambia geti na mvua. Akasema labda wamekata maneno. Nikasema hawajakata. Akasema labda anayasema picha nyingine. Majirani wakawa wanaitikia kila anachosema, na mimi nilikuwa na usingizi mbaya wa jana na kicheko cha watu kichwani, nikashindwa kujizuia.

"Kaka, wewe huwezi kujua. Kiingereza chenyewe hujui."

Nililisema kwa sauti, mbele ya Mzee Shabani, ndani ya stoo ya Deus mwenyewe. Mzee Shabani akainuka, akasema anakwenda kuangalia kama mvua imekaribia. Majirani wakakumbuka mbuzi wao.

Deus hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akaniangalia, akasema, "Ni kweli. Ningekijua, wewe ndiye ungekuwa unalima hapa."

Baba alikufa Deus akiwa darasa la sita, mimi hata shule sijaanza. Ukoo ulikaa, ukaongea, ukala, ukatawanyika. Deus akaacha shule, akashika jembe. Mimi nikafika kidato cha nne na nikasoma kompyuta. Kiingereza nilichomtupia leo kilitoka kwenye mikono yake, na hakuna mtu Nyakasimbi asiyejua hivyo.

Baada ya hapo akaanza kung'oa selotepu mwenyewe. Saa nzima tulihamisha karatasi, na kwa kila moja alikuwa ananiuliza tu, hii niiweke wapi? Mtu ambaye amebishana nami juu ya kila mshale kwa miezi leo alikuwa ananishikia karatasi kama kibarua aliyeitwa shambani kwa mtu. Nilitamani abishe. Nilimchokoza makusudi, nikampeleka Dada Jivu mahali ambapo hata mtoto angejua siyo pake. Akambandika hapohapo, ikabidi nimrudishe mwenyewe.

Ukuta sasa uko sahihi na unanichukiza.

Wakati naondoka akanisindikiza hadi barabarani. Tunasubiri bodaboda, akaniuliza wale wenzangu wa kundi walisemaje kuhusu sauti yake. Nikasema waliipenda. Akafurahi kidogo, nilimwona. Halafu akasema Jumapili ijayo nimrekodi tena, anataka kuwaomba radhi kwa kuwapotosha na habari ya mjomba.

Awaombe radhi wao!

Nami nikatikisa kichwa kukubali, nikapanda bodaboda.

Kuna kitu nimekiruka hapo juu, na nikikiacha sijui naandika humu kwa faida ya nani. Jana kicheko kilipopamba moto, mtu aliniuliza huyo mzee wa mjomba ni nani. Nikamjibu: jirani mmoja tu wa kijijini. Nikaweka na uso unaocheka. Sikushikiwa kisu. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, nikafikiri, nikaona aibu, nikamkana ndugu yangu kwa ajili ya watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona hata sura.

Kabla sijaanza kuandika hapa nimefungua kundi, nikakuta wanaomba yule jirani aletwe tena awachekeshe. Nikaandika: "Yule si jirani. Ni kaka yangu, anaitwa Deusdedit, na ndiye aliyenilea." Injinia amesema pole, hakujua. Wengine wamerudi kubishana kuhusu Dada Jivu.

Kwa hiyo kundi zima linajua. Asiyejua yaliyotokea humo ni Deus, ambaye huko aliko huenda anapanga maneno mazuri ya kuwaomba radhi.

Kesho nampigia alfajiri, kabla hajatoka kwenda shambani. Ya kicheko nitamwambia, na ya sauti yake kukatwa nitamwambia. Lakini atakaponiuliza nilifanya nini walipokuwa wakimcheka, hilo neno "jirani" nitalitamkaje, yeye akinisikiliza?