Mekap ya Jumamosi

Rubondo, Nakivale

Kwako yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha mguu wa mama, kisha hao watoto wako ninaosikia wamenipita urefu. Je, mama anatembea sasa? Na muhogo umekubali huko Baraka, au nguruwe wa jirani wameingia shambani tena? Sisi tunapumua. Neema alishikwa na malaria kali, tukadhani tutamzika ugenini, lakini amepona, anakimbia na watoto wa jirani na kunijibu kwa Kinyankole. Mahindi yameota. Mvua ndiyo inatusumbua.

Yaya, haya nayaandika kwa sababu kwenye simu mimi nitalia na wewe utacheka.

Unajua Asukulu, baba Neema, anashona nguo Mbarara, kwenye baraza la Hajji mmoja wa Kakoba, na hurudi kambini mwisho wa juma. Tangu aanze masomo ya Kiingereza kule Nyamitanga, jioni za katikati ya juma, nyumba yangu imeingia mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga mlango wangu. Ni mwalimu wake, Madamu Kyomugisha. Madamu amesema hivi, Madamu amekataza vile. Madamu amesema Asukulu ana ulimi mwepesi. Mimi niliyemfulia tangu Fizi sijawahi kuambiwa ulimi wangu una uzito gani.

Jumapili moja tumetoka kusali, simu ya Asukulu ikalia. Akaenda nyuma ya nyumba. Nikaacha nilichokuwa nafanya, nikasogea ukutani. Alikuwa anaongea Kiingereza na sikushika kitu, ila neno moja alilolirudia huku akicheka: mekap, mekap, Jumamosi. Yaya, Asukulu acheke! Mtu ambaye siku ya harusi yetu mpiga picha alimbembeleza atabasamu mpaka akakata tamaa.

Aliporudi akaniambia, "Jumamosi sitafika. Niko na masomo."

"Masomo gani ya Jumamosi?"

"Ya Kiingereza, Riziki."

"Na nani?"

"Na mwalimu. Na nani tena?"

Nikaenda kwa Sifa, jirani yangu anayesuka nywele, nikamuuliza mekap ni nini. "Njo poda," akasema, "na rangi ya mudomo. Bwana yako ananunulia nani?" Kesho yake nikamuuliza mwinjilisti wetu, anayejua Kiingereza cha kuhubiri. Uso ukamng'aa. "Neno zuri hilo, mama Neema. Watu waliogombana wakipatana, ndiyo mekap." Alidhani ananifariji! Kwangu ikawa wazi: kwanza poda, halafu ugomvi, sasa wanapatana. Na nani hugombana na mwanamke namna hiyo kama hampendi?

Jumamosi nikamwacha Neema kwa Sifa, nikavaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikaenda Mbarara. Pale Kakoba cherehani ya Asukulu ilikuwa imefunikwa. Nikamuuliza Hajji lile neno. Hajji ni mtu mzima wa heshima, mzaliwa wa hapo hapo. Akafikiri kidogo. "Hiyo ni kutunga, mama. Mtu akitunga uongo, tunasema hivyo." Hakujua amenipa kisu.

Nikavuka daraja la mto Rwizi kwa miguu kwenda Nyamitanga, natembea kama mtu anayefukuzwa. Kicheko cha Asukulu nilikisikia kabla sijaona mlango wa darasa. Asukulu alikuwa amesimama mbele na chaki mkononi, Madamu amekaa kwenye benchi, anajipiga mapaja kwa kucheka. Kulikuwa na wanaume wengine wawili, wanafunzi pia, lakini hao niliwaona baadaye. Nilimwona yeye tu: mrefu, meno meupe, na usoni hana hata poda.

"Mumeshapatana?" nikapiga kelele. "Ama mungali munatunga?"

Chaki ikamdondoka Asukulu. Madamu akasimama. "Nyabo," akaniita, kama wanavyomwita mama yeyote huku, "wewe nani?"

"Miye njo bibi yake! Na wewe njo mwenye kufanya naye mekap!"

Wale wanaume wakainamisha vichwa. Madamu hakukasirika, na hilo likaniuma zaidi. Akasema kwa Kiswahili chake cha huku, "Nyabo, mtoto yenu alikuwa mgonjwa. Huyu alikosa somo, alikuja kwenu. Hawa pia walikosa. Leo tunarudisha ile somo. Mekap ni hiyo tu."

Yaya, ilikuwa siku ile ya malaria, Asukulu alipombeba Neema mgongoni mpaka zahanati. Somo lile alilikosa kwa ajili yetu.

Akanishika mkono, akanitoa mpaka barabarani. "Umenivua nguo mbele ya batu," akasema.

Hapo likanitoka lililokuwa chini ya yote. "Juu ya nini naye unacheka, na miye hapana?"

Akaniachia mkono. Kisha akasema, "Kule nakosea neno, tunacheka, inaisha. Kwetu kila neno liko na vita ndani. Ukisema ziwa, naona mudogo wangu mwenye alibaki humo. Ukisema nyumba, naona yenye iliungua. Kiingereza hakikuona kitu, Riziki."

Ningemkuta na mwanamke ningejua pa kushika. Lakini utaivuta nywele lugha? Nilirudi naye ndani, nikamwomba Madamu msamaha. Akasogea, nikakaa kwenye benchi, kati yake na Asukulu. Sikuelewa neno hata moja, na sikuinuka mpaka wote wameinuka.

Nisikudanganye, yaya, wivu haujaniisha. Nikisikia anaongea Kiingereza bado roho inanichoma kama pilipili. Lakini juzi tukila, Asukulu aliniangalia akatoa Kiingereza kirefu. Nikamuuliza maana.

"Nimesema maharagwe inakosa chumvi, na sura yako inasema ninyamaze."

Nilicheka kabla sijajizuia. Kisha nikakaza uso. "Hiyo umeshamwambia Madamu?"

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yako peke yako."

Nikamwongezea bugali.

Nisalimie shemeji, mume wako, na shangazi muuza mawese, na kaka yetu mkubwa akishuka kutoka mlimani. Mama mkwe wangu msalimie sana, lakini barua hii usimsomee. Mungu akae nanyi huko kama anavyokaa nasi huku.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Riziki, mama Neema