Siku Kumi za Mbwa Mgeni

3 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na wagonjwa wako wodini hawajambo? Sisi wazima, ila Mama mafua yamemng'ang'ania.

Shangazi, nina shida na ni wewe tu wa kuniokoa. Shule imefungwa wiki sita. Unajua ninavyotaka kuwa daktari wa wanyama, basi nimetafuta pa kujitolea hadi soli zimelika. Kwa daktari wa mifugo wa mtaa wa pili waliniambia nirudi nikifika miaka kumi na minane, kana kwamba hii kumi na sita nimejichagulia. Nikaandika barua kwenye makao ya wanyama waliotelekezwa, yale ya nyuma ya kiwanda cha matofali. Wiki nzima kimya. Ijumaa nikajipeleka mwenyewe. Msimamizi, mama mfupi mwenye sauti ya spika, alikuwa anamwogesha paka kwa mkono mmoja na mwingine umeshika mkate. Hakuniuliza cheti. Alinipa brashi na kunionyesha vizimba vinne. Nilipomaliza alivikagua hadi kwenye pembe, akasema nije wiki nne, asubuhi hadi saa nane, nisafishe kwa paka na kwa mbwa wazee waliochanjwa. Ila fomu isainiwe na wazazi wote wawili.

Mama amekubali. Baba aliisoma, akaikunja, akasema, "Mbwa, hapana," akatoka nje. Sababu hasemi. Nakuomba uongee naye. Wewe ni dada yake mkubwa, hawezi kukupandishia sauti.

Mwanao,
Chiriku

9 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika, zamu zimekuwa ndefu. Mpe Mama pole ya mafua.

Nimeongea na baba yako mara tatu, na mara mbili kanikatia simu. Sababu anayo. Utotoni rafiki yake mmoja aling'atwa na mbwa, akafa kwa kichaa cha mbwa. Mengine atakueleza mwenyewe akiweza. Nilimwambia mtoto aliyetafuta kazi kwa miguu yake asifungiwe ndani kwa hofu ya watu wazima. Mwisho akasema, "Nitasaini. Lakini likitokea lolote, dada, ni juu yako." Nikakubali.

Kwa hiyo nisikilize: pale utakapokatazwa kuingia, usiingie. Jina langu ndilo nililoweka rehani.

Shangazi yako

16 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na asante isiyo na mwisho. Mama amepona, mimi nanuka dawa ya kusafishia kuanzia nywele hadi vidole.

Kazi ni tamu. Kuna mbwa mzee tunamwita Meneja, kila nikimaliza kufagia anapita kukagua, kisha analala palepale nilipofagia. Paka mmoja kanizoea hata analala ndani ya kofia yangu. Juzi kaletwa mbwa aliyeokotwa barabarani, mguu una kidonda. Tunamwita Mgeni. Yuko peke yake kizimba cha mwisho na anaguswa na daktari wa makao tu. Hali wala hanywi mtu akimtazama, ana haya kama bwana harusi. Baba haulizi kitu, ila kila nikirudi ananitazama mikono.

Mwanao,
Chiriku

21 Juni, saa saba mchana

Shangazi, shikamoo. Nisamehe, leo sina nguvu ya kuuliza habari.

Mgeni kaning'ata. Kosa ni langu. Bakuli lake la chakula lilisukumwa likakwama mbali naye, daktari alikuwa hajafika, nikamwonea huruma, nikaingiza mkono. Meno mawili yamezama karibu na kidole gumba. Nimesuuza kidogo, nimevaa sweta, sijamwambia mtu. Baba akijua, lawama zote ni kwako. Nifanyeje?

Chiriku

21 Juni, saa saba na dakika kumi

Marahaba. Acha kuandika, nenda bombani. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima. Usikifunge. Mwambie msimamizi sasa hivi, mbwa atengwe, asiuawe, aangaliwe siku kumi; akizimaliza mzima, hakuwa na kichaa alipokung'ata. Kisha hospitali, leo, si kesho. Baba yako umwambie wewe mwenyewe. Lawama niachie mimi, nina mgongo mpana. Wewe mkono huo ndio unaouhitaji.

Shangazi

22 Juni

Shangazi, shikamoo. Nimechomwa sindano, kwenye kidonda na begani. Baba ndiye aliyenipeleka. Nilipomwambia alichukua funguo tu.

Chiriku

26 Juni

Mwanangu,

Mkono unaendeleaje? Usikose sindano hata moja.

Nampigia baba yako, hapokei. Ana haki ya kuninunia, nilimpa neno langu. Mwambie sina la kujitetea, nataka tu kumsikia.

Shangazi yako

1 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, na ukae chini kwanza, habari ni njema. Leo ni siku ya kumi na Mgeni ni mzima. Daktari kamkagua kuanzia pua hadi mkia. Mimi pia mzima. Sindano zilizobaki nitazimalizia kama muuguzi alivyopanga.

Sasa nikueleze habari za Baba. Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu nilimkuta kavaa viatu, akasema twende akamwone huyo mbwa. Msimamizi alidhani kaja kudai auawe, akaanza kujieleza. Baba akasema anataka kumwona akinywa maji, basi. Aligeuza ndoo akaikalia. Nikamwambia Mgeni hanywi akitazamwa, basi akageuza uso ukutani, akawa anasikiliza. Muda mrefu. Kisha tukasikia ulimi kwenye maji.

"Anakunywa," akasema, bila kugeuka.

Amekuja kila siku. Siku ya nne, palepale kwenye ndoo, aliniambia kuhusu yule rafiki yake. Walikuwa wakicheza na mbwa uwanjani wakiwa na miaka tisa, mwenzake akang'atwa, wakakubaliana wafiche wasichapwe. Baadaye mwenzake akawa hawezi hata kutazama kikombe cha maji. Baba alijua na alinyamaza, Shangazi, na hakuwa amemwambia mtu hadi siku ile, hata wewe.

Nikamwuliza kama amenikasirikia. Akasema, "Wewe ulisema siku ileile. Nikukasirikie nini?"

Nawe hajakununia. Anasema akisikia sauti yako atalia, na hataki kulia kwenye simu mbele ya Mama. Mpigie kesho, atapokea, ameniahidi.

Daktari alipotamka "mzima", Baba alimshukuru, akanawa mikono mara mbili, tukarudi nyumbani. Siku zote hizi alikuwa halali. Alikaa kitini avue viatu, akavua kimoja, akapitiwa. Hiyo ilikuwa saa sita. Sasa ni saa kumi, anakoroma, kiatu bado kiko mkononi, na Mama kakataza mtu yeyote asikichukue.

Mwanao,
Chiriku