Picha ya Mama Newala

Jumanne, 10 Juni
Nimeenda Masasi kununua salfa ya mikorosho. Wakati nasubiri gari la kurudi Kitangari nikaingia ukumbini, walikuwa wanaonyesha filamu kuhusu Mzee Lukanga, mpiga picha aliyewafuata wanawake wa huku wakiteka maji tangu ujana wake. Anasema alishuka nao bondeni bila kamera kwanza, mpaka wakamzoea. Nimempenda kwa hilo. Halafu ikatokea picha ya Mama. Bado msichana, miguu peku, ndoo kichwani, nguo imechanika begani. Picha nzuri mno. Na nimeona aibu. Picha za Mzee watazitundika kwenye maonyesho Newala wiki ijayo.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwambia kaka Hamisi. Bora ningenyamaza. "Mama yetu si wa kuonyeshwa watu na nguo iliyochanika." Anasema ataenda kuing'oa ukutani mbele ya wageni wote. Ataweza, namjua. Mama hajui lolote.

Jumapili, 15 Juni
Mama kasikia kwa jirani. Hakugomba. "Nipelekeni nikajione." Basi. Naogopa kuliko mwanzo.

Jumatano, 18 Juni
Newala. Watu wengi. Nilitembea ukuta mzima nikichelewesha. Hakuna uso unaoomba huruma kwenye picha zile. Wanawake wamechoka, wanataniana, mmoja anamkaripia mpiga picha waziwazi. Hamisi hakuangalia hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile yetu, mkono tayari kwenye fremu.

Mama akamsogeza pembeni. Hakujitazama yeye. Kidole kikaenda kwa msichana wa nyuma, aliyekatwa nusu na ukingo wa picha.

"Somoe," akasema. "Huyu Somoe."

Dada yake. Alifariki kabla hatujazaliwa. Hatukuwahi kuona sura yake, hakuna picha nyumbani. Hamisi akashusha mkono.

Mzee Lukanga alisogea. Mama akampa shikamoo, naye akaitikia, akauliza kama anamfahamu yule msichana. "Dada yangu." Mzee akasema siku ile alipiga nyingine, Somoe akionekana mzima mzima, ila hakuwahi kuisafisha, imebaki kwenye filamu.

Hamisi ndiye aliyeiomba. Kwa adabu, kama mtoto wa shule.

Mama kakaa mbele ya ile picha mpaka walipofunga. Nguo iliyochanika hakuitaja.

Jumamosi, 28 Juni
Picha imekuja na basi. Somoe anacheka, mdomo wazi, pengo linaonekana. Hamisi kaigongomea ukutani, kairudia mara mbili ili inyooke.

Mama amekaa jikoni tangu mchana anatusimulia habari za Somoe, Kiswahili kidogo, Kimakonde kingi. Alivyokuwa mwoga wa chura. Alivyoimba vibaya. Hatujamuuliza, anasema tu.

Muhogo umeungua. Hakuna aliyeinuka.